Shajara ya mradi: ruhusa za watumiaji kwenye tovuti ya matangazo, Lamu

Shajara hii inafuata kazi ya kugawa ruhusa kwenye tovuti ya matangazo ya mitaa yetu: misiba, safari za vyombo, maji kukatika, habari za madrasa na skuli. Wanaoiandikia wako Mkomani, Langoni, Shela, Matondoni na Kipungani, na ndugu zetu wa Pate na Faza wameomba kuingia. Tunatumia WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, kwa kuwa ni ya bure na wanaoijua hawapatikani kwa taabu. Mambo ya rangi na sura ya kurasa nimeyaacha, yameelezwa na wengi. Ruhusa ndizo zilizotutoa jasho, na naandika ili kamati ya mtaa mwingine ikitaka kufanya hivi isianzie pale tulipoanzia sisi.

11 Januari 2025: hali ilivyokuwa

Kabla ya kazi hii akaunti ilikuwa moja tu, ya msimamizi mkuu, na nywila yake ilizunguka kwenye simu za watu kwa WhatsApp. Kila mwenye tangazo aliingia kwa jina lilelile. Mwezi uliopita tangazo la msiba lilibadilishwa saa. Maziko yalikuwa baada ya Adhuhuri, tangazo likasema baada ya Alasiri. Jamaa waliotoka Matondoni walifika kaburi limeshafukiwa. Hatukuweza kujua ni nani aliyebadilisha, wala kama alikusudia au kidole kiliteleza, kwa sababu mbele ya mfumo sote tulikuwa mtu mmoja.

Maziko hayarudiwi. Ndiyo maana niliomba kazi hii ifanywe kabla ya kuongeza kijiji kingine chochote.

Kikao cha kwanza kilitaka kuanza na majina: nani apewe cheo gani. Niliomba tuanze na kazi. Tukaandika daftarini kila tendo linalofanyika kwenye tovuti, na mbele ya kila tendo tukajibu maswali mawili: likikosewa nani ataumia, na likichelewa nani atakosa. Majibu yalitofautiana kuliko nilivyotarajia. Tangazo la mashua inayoondoka na maji ya alfajiri likikaa saa mbili likingoja idhini halina kazi tena, lakini likikosewa nahodha atalisahihisha mwenyewe, na abiria watamsikia gatini. Tangazo la msiba ni kinyume chake. Likichelewa nusu saa habari itafika kwa simu na kwa mdomo. Likitoka na kosa, watu wanaliamini kwa kuwa limeandikwa, na madhara hayafutiki. La madrasa na la skuli likikosewa au likichelewa, kuna siku ya kesho.

Hapo ndipo tuliposhika msimamo ambao kazi yote iliyofuata imejengwa juu yake: ruhusa ifuate uzito wa jambo, si uzito wa mtu.

Gharama mpaka hapa: jina la tovuti na seva ya pamoja vilikuwa vimeshalipiwa, shilingi 7,800 kwa mwaka. Nakala ya majaribio nimeiweka kwenye lapto yangu bila malipo. Anayeiga asifanye majaribio ya ruhusa kwenye tovuti inayosomwa na watu.

18 Januari: majukumu matano yaliyokuja na mfumo

WordPress huja na majukumu matano kwa tovuti moja: administrator, editor, author, contributor na subscriber. Hapa nitayaita msimamizi, mhariri, mwandishi, mchangiaji na msomaji. Wengi huyaona kama ngazi, na hapo zamani kweli yalikuwa ngazi: watumiaji walipewa namba kuanzia 0 hadi 10, na mwenye namba kubwa alimpita mwenye ndogo kwa kila kitu. Tangu toleo la 2.0, lililotoka Desemba 2005, jukumu ni jina tu la fungu la ruhusa. Unaweza kutoa ruhusa moja bila kutoa nyingine. Kazi yote hii ingekuwa muhali kama ngazi zingebaki.

Tuliwajaribu wachangiaji kwanza. Mchangiaji anaweza kuandika rasimu na kuipeleka isubiri idhini. Yalijitokeza mambo mawili. La kwanza, hana ruhusa ya upload_files, kwa hiyo hawezi kupandisha picha hata moja, na mwalimu wa madrasa alitaka kuweka picha ya ratiba iliyoandikwa kwa mkono. La pili lilitushughulisha zaidi: tangazo la mchangiaji likishachapishwa na mwingine, yeye mwenyewe hawezi tena kulihariri, maana hana edit_published_posts. Mwanzoni vijana walinung'unika. Tulipolitazama kwa macho ya msiba tukaona ndilo hasa tulilolitaka: aliyeleta habari asiweze kubadilisha saa baada ya kuidhinishwa.

Mwandishi anachapisha yake mwenyewe bila kumwuliza mtu. Linawafaa manahodha, haliwafai wa misiba.

Mhariri tulimkataa moja kwa moja. Anahariri vya watu wote, kurasa za kudumu, vitengo, na kwenye tovuti moja anapata pia unfiltered_html, yaani anaweza kuweka msimbo wowote ndani ya tangazo. Hakuna kazi daftarini mwetu iliyohitaji hayo yote kwa pamoja.

Kwa hiyo majukumu ya mfumo hayatutoshi, kwa sababu moja: yanagawa matangazo yote kwa kipimo kimoja. Mtu akiwa mwandishi, ni mwandishi wa mashua na wa msiba.

25 Januari: kutenganisha aina za matangazo

Nimetengeneza plagini ndogo (programu ya nyongeza) inayosajili aina tatu za matangazo: misiba, safari na elimu. Siri iko kwenye kipengele cha capability_type. Ukiacha kukiandika, aina mpya inatumia ruhusa za machapisho ya kawaida na hujatenganisha chochote. Mimi nimekipa umoja na wingi: array('msiba','misiba'), array('safari_moja','safari') na kadhalika. Umoja na wingi lazima vitofautiane. Ukiandika neno moja tu, tuseme janaza, mfumo unaongeza herufi s mwishoni upate wingi, na unaishia na ruhusa ziitwazo edit_janazas. Zinafanya kazi, lakini atakayekuja kuzisoma mwakani atataabika. Msiba na misiba vimekaa vizuri.

Kisha kikatokea kitu kitakachomtisha kila anayefanya hivi mara ya kwanza. Baada ya kuhifadhi, sehemu ya misiba ilitoweka kabisa kwenye dashibodi (kurasa za ndani za kuendeshea tovuti), hata kwangu niliye msimamizi. Hakuna kilichoharibika. Msimamizi wa tovuti moja hapewi ruhusa mpya zikizaliwa. Anazo zile zilizoandikwa kwenye jukumu lake tu, na edit_misiba haikuwamo. Nimeandika ndani ya plagini kwamba ikiwashwa imwongezee msimamizi ruhusa zote za aina hizo tatu, kwa amri za get_role na add_cap. Sehemu ikarudi.

La pili lilijificha zaidi. Akaunti ya majaribio ya mleta habari, yaani mwenye kuandika rasimu za misiba tu, ilikataliwa kuhariri rasimu yake mwenyewe. Nilikuwa nimeacha kuandika kipengele cha map_meta_cap nilipoisajili aina. Bila hiyo, mfumo hauangalii tangazo ni la nani na liko katika hali gani. Unauliza tu kama mtu ana ruhusa iitwayo edit_msiba neno kwa neno, na hakuna aliyepewa hiyo. Ikiwekwa true, edit_msiba inatafsiriwa kulingana na jambo lenyewe: kama rasimu ni yako unahitaji edit_misiba, kama ni ya mwingine edit_others_misiba, kama limeshachapishwa edit_published_misiba pia. Mgawanyo wetu wote unasimama juu ya mstari huo mmoja.

Usipime ruhusa ukiwa umeingia kama msimamizi. Kila kitu kitaonekana sawa. Nimefungua dirisha la faragha la kivinjari kwa kila akaunti ya majaribio, na orodha ya mambo inayopaswa kukataliwa ni ndefu kuliko ya mambo inayopaswa kuruhusiwa.

1 Februari: majukumu yetu, na daftari la mabadiliko

Majukumu mapya ni manne. Mleta habari anaandika rasimu za misiba, hachapishi. Mhakiki anasoma, anapiga simu kwa wafiwa, anachapisha. Nahodha anaandika, anachapisha na kusahihisha safari zake mwenyewe, na misiba haioni kabisa kwenye dashibodi. Mwalimu ana hayohayo kwa upande wa elimu.

Nilibadilisha orodha ya ruhusa za mhakiki ndani ya msimbo, nikapakia upya, hakuna kilichobadilika. Nikabadilisha tena, vilevile. Sababu yake ni hii: majukumu hayakai kwenye msimbo, yanakaa kwenye hifadhidata, katika jedwali la options, mstari wa wp_user_roles. Amri ya add_role ikikuta jukumu hilo lipo tayari hairekebishi chochote, inarudi kimya. Sasa plagini ina namba ya toleo la ruhusa. Namba ikipanda, inaondoa jukumu kwa remove_role na kuliandika upya kwa jina lilelile. Watumiaji hawapotei, kwa sababu kwao limehifadhiwa jina la jukumu tu, na jina likirudi wanaendelea. Lakini fanya yote mawili ndani ya ombi moja. Ukiliondoa leo ukalirudisha kesho, usiku kucha watu hawana ruhusa.

Wiki hii palikuwa pia na mazungumzo ninayotaka kuyaandika, kwa kuwa kila kamati itakutana nayo. Mzee mmoja wa kamati, anayeheshimiwa na mitaa yote, aliona kwenye orodha kwamba yeye hana jukumu la msimamizi na kijana wa Langoni ni mhakiki.

"Mwanangu," akaniambia, "mambo ya misiba ya mji huu naulizwa mimi. Vipi niwe chini ya mtoto?"

Nikamjibu, "Ami, hapa hakuna wa juu wala wa chini. Ukiwa na akaunti ya msimamizi na simu yako ikachukuliwa, aliyeichukua anaweza kufuta tovuti yote kwa jina lako. Niambie kazi unayotaka kuifanya, hiyo nitakupa."

Alikaa kidogo, kisha akasema anachotaka ni kimoja: kujua kila tangazo la msiba limeandikwa na nani na nani aliligusa baadaye. Hakutaka kuandika wala kufuta. Ombi lake ndilo lililofichua upungufu mkubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo. Aina ya tangazo unayoisajili mwenyewe haihifadhi historia ya mabadiliko mpaka uandike revisions (ndiyo historia hiyo) kwenye kipengele cha supports. Tungeendelea na ruhusa nzuri na bado tusijue nani aliyebadilisha saa ya maziko.

Nimeongeza revisions. Ila kuzitazama kunahitaji ruhusa ya kuhariri tangazo lenyewe, na sikutaka kumpa mzee ruhusa asiyoihitaji. Suluhisho: kila tangazo la msiba likibadilika, ndoana ya post_updated (mahali mfumo unapokuruhusu kuchomeka msimbo wako jambo likitokea) inampelekea barua pepe yenye jina la aliyebadilisha, saa, lilivyosomeka kabla na linavyosomeka sasa. Ndoana hiyo inakupa matoleo yote mawili, huhitaji kuyatafuta. Barua za kwanza ziliingia kwenye taka kwa sababu seva za pamoja hazina sifa nzuri. Tumezipitisha kwa SMTP (njia ya kutuma barua pepe kwa kuingia na nywila) ya anwani ya tovuti na sasa zinafika. Mzee anazisoma kila baada ya Isha na ameshatupigia simu kuhusu jina la ukoo lililoandikwa vibaya. Hakuna jukumu lenye faida kuliko lake, na halina hata ruhusa moja ya kuandika.

8 Februari: mikono miwili

Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni za kulinda habari kwenye kompyuta ambazo bado zinafuatwa. Moja inasema kila mtumiaji awe na ruhusa chache kabisa zinazotosha kumaliza kazi yake. Hiyo ndiyo tuliyofuata mpaka hapa. Nyingine inasema kinga inayohitaji funguo mbili ni imara kuliko ya ufunguo mmoja. Hiyo tulikuwa bado, maana mhakiki aliyeandika tangazo mwenyewe aliweza kulichapisha mwenyewe, na kupiga simu kwa wafiwa kukabaki hiari yake.

WordPress haina ruhusa ya "chapisha vya wengine lakini si vyako". Nimetumia kichujio (msimbo unaopitia data na kuweza kuibadilisha kabla mfumo haujaitumia) cha wp_insert_post_data: kama aina ni msiba, na aliyeingia ndiye mwandishi wa tangazo, na hali inayoombwa ni publish, basi hali igeuzwe kuwa pending, isubiri mtu mwingine.

Kwenye majaribio kilifanya kazi vizuri mno. Mhakiki aliandika msiba, mwenzake akauchapisha, yule wa kwanza akarudi kurekebisha herufi moja ya jina la marehemu. Kichujio kikaona mwandishi ni yeye na hali ni publish, kikaurudisha kwenye kusubiri, na tangazo likatoweka kwenye tovuti. Ingekuwa ni msiba wa kweli, watu wangelitafuta wasilione saa wanayolihitaji.

Tulibishana hapa. Wengine walitaka kichujio kiangalie hali ya zamani, na kama tangazo lilikuwa limeshachapishwa kiliache. Lakini hapo mwandishi anaweza kubadilisha saa bila mkono wa pili, na tulianza kazi hii kwa sababu ya saa iliyobadilishwa. Tulichokubaliana: kichujio kiangalie hali ya zamani kweli, tangazo lisitoweke kamwe, na badala yake mwandishi wa tangazo lililochapishwa azuiwe kulihariri tangu mwanzo, hata akiwa mhakiki. Marekebisho yanafanywa na mhakiki mwingine. Kizuizi hicho kimewekwa kwenye kichujio kiitwacho pia map_meta_cap, kinachorudisha do_not_allow, yaani katazo, kwa edit_post pale mwandishi wa tangazo na anayelihariri ni mtu mmoja na hali ni publish. Wahakiki ni wanne, wa mitaa tofauti, ili asikosekane mmoja aliye macho.

Mlango mwingine uliokuwa wazi: kupanga tangazo lichapishwe baadaye. Hali yake si publish bali ni future, na wakati ukifika mfumo unalichapisha wenyewe bila kupita kwenye kichujio kile. Mwenye haraka angeweza kuandika tangazo, akalipanga dakika tano mbele, na mkono wa pili usiwepo. Sasa kichujio kinakamata publish na future kwa pamoja, saa ya kuhifadhi.

15 Februari: picha

Mleta habari wa Kipungani aliomba aweze kuweka picha ya mahali maziko yatakapofanyika. Nikaongeza upload_files kwenye jukumu lake. Alipofungua maktaba aliona picha zote za tovuti, pamoja na zile zilizoletwa na familia nyingine na hazikutumika. Hawezi kuzifuta wala kuzibadilisha, ila anaziona, na picha za wafiwa si za kuonwa na kila mtu.

Kichujio cha ajax_query_attachments_args kinapunguza maktaba ibaki na picha za aliyeingia tu, isipokuwa wahakiki. Kinafanya kazi kwenye kisanduku cha kuchagua picha na kwenye mwonekano wa vigae. Mwonekano wa orodha haupiti hapo. Huo unahitaji pre_get_posts. Waliokomea kwenye cha kwanza wanadhani wamemaliza.

Na hata vyote viwili vikiwepo, faili yenyewe iko wazi kwa yeyote mwenye anwani yake. Ruhusa za WordPress zinalinda dashibodi, hazilindi folda ya uploads. Kwa hiyo tumeweka sharti ambalo si la kompyuta: kibali cha maziko, kitambulisho au karatasi yoyote ya hospitali haipandishwi. Mhakiki anaiona kwa macho au anathibitisha kwa simu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na habari za afya ya mtu zimo katika zile inazozihesabu kuwa nyeti. Hata isingekuwapo, familia ya marehemu ina haki hiyo kwetu.

22 Februari: kuhamia kwenye seva

Nilichukua nakala ya hifadhidata ya seva kwanza, kwa amri ya wp db export ya WP-CLI, zana ya kuiendesha WordPress kwa amri za kuandika. Ilituokoa.

Kwenye lapto majedwali yanaanza na wp_, kwenye seva fundi aliyetangulia aliweka kiambishi kingine. Tulipohamisha na kubadilisha majina ya majedwali, kila aliyeingia, pamoja nami, aliambiwa hana ruhusa ya kuona ukurasa. Nywila zilikubaliwa, ruhusa zikakataliwa. Kiambishi hakiko kwenye majina ya majedwali peke yake. Kimo pia ndani ya data: mstari wa wp_user_roles kwenye options, na wp_capabilities na wp_user_level kwenye usermeta ya kila mtumiaji. Nikairudisha nakala ya zamani watu waendelee kusoma, nikabadilisha majina hayo kwenye lapto, nikahamisha upya usiku. Ukikuta tovuti ambayo watu wote wanaingia na hakuna anayeruhusiwa kitu, anza kutazama hapo kabla ya kugusa plagini.

Nywila ya zamani iliyokuwa ikizunguka imebadilishwa, na hilo limewatoa wote waliokuwa bado wamo ndani kwa akaunti ile. Wasimamizi wamebaki wawili, na hata sisi tuna akaunti za kawaida za kuandikia. Ya usimamizi tunaingilia tukiwa na kazi ya usimamizi.

Gharama: bando za kuhamisha na kurudisha shilingi 1,500, nauli za boti kwenda Shela na Matondoni kuwafundisha watu shilingi 2,400.

Ramadhani iko mlangoni, na kikao kikauliza nani atangaze mwandamo wa mwezi. Tumeuweka kwenye kundi la misiba: mikono miwili, na mhakiki asichapishe kabla ya tangazo la Kadhi Mkuu. Uvumi wa mwezi ukitoka kwenye tovuti ya mji unaweza kufunguza au kufungisha nyumba nzima kimakosa.

5 Aprili: waratibu, walioondoka, na jukumu la pili

Mratibu wa Shela aliomba afungue akaunti za vijana wake mwenyewe, asinisubiri mimi. Ombi la haki. Lakini create_users (kufungua akaunti) ikiambatana na promote_users (kubadilisha jukumu la mtu) inampa mtu orodha nzima ya majukumu, na msimamizi yumo. Angeweza kumpandisha yeyote, au yeye mwenyewe. Kichujio cha editable_roles kinaondoa msimamizi na mhakiki kwenye orodha anayoiona mratibu, na mfumo unakataa hata akituma jina hilo kwa njia nyingine. Ruhusa ya edit_users, ya kuhariri akaunti za wengine, sikumpa. Mwenye hiyo anaweza kubadilisha barua pepe ya msimamizi, kisha akaomba nywila mpya.

Nahodha mmoja ni mhakiki pia. WordPress inaruhusu mtu kuwa na majukumu mawili, ila ukurasa wa mtumiaji unaonyesha moja na unahifadhi moja. Nilipomwongeza la pili kwa wp user add-role alikuwa nayo yote; siku msimamizi mwenzangu alipofungua ukurasa wake kubadilisha namba ya simu na kuhifadhi, jukumu moja liliondoka. Akagundua asubuhi ya bamvua, abiria wa Faza wanangoja saa na yeye hawezi kuandika. Tumeacha majukumu mawili. Pana jukumu jipya moja, nahodha mhakiki, lenye ruhusa za pande zote mbili. Ni refu kwa jina, lakini hakuna kitufe kitakacholipasua.

Kijana wa Mkomani amekwenda Mombasa kusoma. Akaunti yake hatukuifuta, kwani ukifuta mfumo unakuuliza uyafute matangazo yake au umpe mtu mwingine, na majibu yote mawili yanaharibu kumbukumbu. Tumemwacha bila jukumu lolote. Ruhusa zinasomwa upya kwa kila ukurasa unaofunguliwa, kwa hiyo zimekoma saa ileile hata kama simu yake bado imo ndani, na jina lake limebaki kwenye alichokiandika.

Ruhusa ya kufuta msiba uliochapishwa, delete_published_misiba, haina mtu ila wasimamizi. Kilichofutwa kinakaa kapuni siku 30 kabla ya kupotea, na mzee anapata barua.

19 Aprili: tulipofika

Pate na Faza wameingia, kila kijiji na mleta habari wake. Kila mwanzo wa mwezi naendesha wp user list --role=administrator na wp cap list kwa kila jukumu, nalinganisha na daftari lile la Januari, na tofauti yoyote naipeleka kwenye kikao. Plagini nzima ni faili moja. Kamati itakayoitaka itapewa, na majina ya aina za matangazo yabadilishwe kulingana na mji wao kabla ya kuwashwa, kwa sababu baada ya kuwashwa yameshaingia kwenye hifadhidata.

Lililobaki ni la simu za kuazimana. Nyumba nyingi simu ni moja na inapita mikononi mwa watu kadhaa, na aliyeweka alama ya kukumbukwa anabaki ndani siku 14. Nimekipunguza kipindi hicho kwa kichujio cha auth_cookie_expiration kiwe saa 12 kwa wahakiki, na wiki ijayo nakwenda Kizingitini kuona kama mtandao wa kule unawaruhusu kuingia upya kila siku bila kukwama.